Kufunga dishi kihambani penye miti mirefu: tathmini ya huduma ya fundi mmoja wa Himo

Nyumba ya mama yangu iko Marangu, mkoani Kilimanjaro, katika kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi ndani yake, kilichozungukwa na miti pande zote. Kuna mstari wa migrevilea kwenye mpaka wa magharibi, mringaringa mkubwa kwenye kona ya nyumba, miparachichi upande wa kusini, na migomba iliyochanganyika na kahawa hadi karibu na ukuta wa jiko. Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kufunga dishi la king'amuzi katika mazingira hayo, iliyofanywa na fundi mwenye duka dogo la vifaa vya umeme pale Himo. Hukumu yangu ninaiweka mbele kwa faida ya asiye na nafasi ya kusoma yote: kazi ya kutafuta mahali pa kusimamisha dishi aliifanya kwa ustadi ambao sijauona kwa fundi mwingine, kazi ya nguzo ni nzuri sana, na kazi ya waya ilihitaji kusimamiwa. Hakuna mti uliokatwa. Kwetu hilo ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, na ndilo nitakalolieleza kwa kirefu.

Tulihitaji king'amuzi cha Azam, kwa sababu huko ndiko inakoonyeshwa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, na mama ni mpenzi wa mpira kuliko sisi watoto wake. Uchaguzi huo una maana kubwa mahali penye miti, ingawa wauzaji wengi hawamwelezi mteja. Matangazo ya Azam hurushwa kupitia setelaiti za Eutelsat zilizoko nyuzi 7 mashariki, na ya DStv hupitia nyuzi 36 mashariki. Setelaiti hizi ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na kwa kuwa huzunguka sambamba na mzunguko wa dunia yenyewe, kwa mtazamaji aliye chini huonekana zimesimama mahali pamoja daima. Marangu iko karibu na nyuzi 37.5 mashariki na nyuzi 3.3 kusini. Ukipiga hesabu kutoka hapo, setelaiti ya nyuzi 36 iko karibu kabisa na utosi, kwenye mwinuko wa nyuzi 86 hivi kutoka upeo wa macho, wakati ile ya nyuzi 7 iko upande wa magharibi, ikivuta kaskazini kidogo, kwenye mwinuko wa nyuzi 54 hivi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mti upi ni kikwazo na upi hauhusiki. Dishi linaloelekea utosini halijali miti iliyo pembeni hata iwe mirefu namna gani, mradi tu hakuna tawi linalolifunika kwa juu. Dishi linaloelekea magharibi kwa nyuzi 54 linahitaji uwazi upande huo mmoja tu, na kipimo chake ni rahisi kukikumbuka: kwa kila mita 10 za umbali kati ya dishi na mti, kilele cha mti kisizidi kimo cha dishi kwa zaidi ya mita 14 hivi. Miti ya kusini, kaskazini na mashariki haina habari kabisa na dishi hilo. Miparachichi yetu, ambayo jirani mmoja alikuwa ameishaihukumu kwa sababu ya ukubwa wake, haikuwahi kuwa kikwazo hata kwa dakika moja.

Fundi wa kwanza tuliyemwita, ambaye siye huyu ninayemsifu, hakupima chochote. Alianza kwa kupandisha dishi kwenye paa, upande wa magharibi, kama inavyofanyika mjini. Hapo hakupata mawimbi, na sababu ilikuwa ya kweli: migrevilea iko mita 9 tu kutoka ukutani na inafika mita 20, kwa hiyo ilikuwa imesimama katikati ya njia. Akashuka, akalishika dishi uani upande wa mashariki wa nyumba, akasimama nyuma yake na kutazama uso wake unakoelekea. Alipoona unatazama katikati ya majani ya mringaringa, akasema mti huo ukatwe kwanza ndipo arudi.

Ushauri huo ulikuwa mbaya kwa sababu mbili. Kwanza, mringaringa ule ulipandwa na babu, unaikinga kahawa na jua, na huku kwetu mti mkubwa haukatwi bila kibali hata ukiwa wako. Pili, na hili ndilo linalowapotosha mafundi wengi, madishi haya ya ving'amuzi hayatazami kule uso wake unakoonekana kutazama. LNB yake, yaani kile kichwa kidogo kinachopokea mawimbi kutoka kwenye sahani, imekaa kwenye mkono unaotokea chini, haiko katikati, na umbo la sahani limechongwa ili lipokee mawimbi yanayotoka juu zaidi ya pale uso unapoelekea, kwa tofauti ya nyuzi 20 na ushei. Dishi letu likiwa limelenga mwinuko wa nyuzi 54, uso wake unaonekana kutazama nyuzi 30 tu. Mtu akisimama nyuma yake ataona majani, ilhali mawimbi yenyewe yanapita juu ya majani hayo kwa nafasi ya kutosha. Sijui ni miti mingapi imeangushwa kwa kosa hili vijijini, na jambo hilo linaniuma.

Fundi wa Himo alikuja mwishoni mwa Septemba, na alikuja bila dishi. Baada ya kumwamkia mama na kuketi kidogo, alitoa dira, utepe wa kupimia, na kipimapembe kikubwa cha shuleni kilichofungwa uzi wenye kokoto inayoning'inia kama timazi. Alizunguka uani, akisimama kila mahali palipoelekea kufaa, akiinua kipimapembe hicho usawa wa jicho hadi ukingo wake ulenge kilele cha mti, kisha akisoma uzi umekaa kwenye namba gani. Dira aliitumia akiwa mbali na paa la bati, na alinieleza sababu: chuma huivuta sindano, na hata dira ya simu hudanganya mtu akisimama karibu na nguzo. Ninajua zipo programu za simu zinazoonyesha mahali pa setelaiti juu ya picha ya kamera, naye anazo, lakini alisema huzitumia kuthibitisha tu, baada ya kupima kwa mkono.

Kisha akauliza kama anaweza kusubiri hadi saa tisa kasoro. Ndipo nilipoelewa kwa nini alichagua majira yale. Mara mbili kwa mwaka, karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setelaiti hizi likionekana kutoka kwetu. Kwa dakika chache jua na setelaiti huwa kwenye mstari mmoja, na mahali popote ambapo jua linaangaza ardhini kwa wakati huo, bila kivuli cha jani, ndipo dishi litakapoona. Kwa Marangu na setelaiti ya nyuzi 7, wakati huo mwishoni mwa Septemba ni karibu saa tisa kasoro robo alasiri, na mwishoni mwa Machi ni karibu saa tisa kamili. Kwa setelaiti ya nyuzi 36 ni karibu saa sita na nusu mchana mwishoni mwa Septemba, na karibu saa saba kasoro robo mwishoni mwa Machi.

Ilipofika saa hiyo, uani palikuwa na kivuli kikubwa cha mringaringa na, mashariki yake, karibu na banda la ng'ombe, kipande cha jua chenye upana wa kutosha kusimama watu kadhaa. Fundi alichomeka vijiti kukizunguka, akapima umbali kutoka kipande hicho hadi kwenye shina la mringaringa na hadi kwenye mstari wa migrevilea, akapata mita 12 na mita 25. Kwa hesabu ile niliyoitaja, mringaringa wenye mita 15 unapitwa juu kwa zaidi ya mita 3 dishi likiwa kwenye nguzo ya mita 2, na migrevilea ya mita 20 haikaribii hata kidogo kugusa njia. Akamgeukia mama akamwambia, "Mama, huu mti hauna kosa lolote, tuuache." Mama aliitikia kwa kumletea chai.

Kuhusu nguzo sina la kulaumu. Ni bomba la chuma la inchi 2 lililopakwa zinki, ambalo kwa chini limechomelewa kipande cha nondo cha kukingama ili lisizunguke ndani ya zege upepo unapolisukuma dishi. Alilisimamisha kwa pima maji pande zote, akamimina zege, akakataa kufunga dishi siku ile. Wapo mafundi wanaofunga zege likiwa bichi, na nguzo inainama kidogo bila mtu kuona. Kuinama huko kuna gharama: dishi la sentimita 90 hupokea kwenye mwanya wa takriban nyuzi 2 tu, kwa hiyo likipotoka kwa nyuzi 1 sehemu kubwa ya mawimbi imekwisha kupotea. Ndiyo sababu pia alikataa katakata pendekezo la mjomba la kulifunga dishi kwenye shina la mti. Shina linayumba kwa upepo na linanenepa mwaka hadi mwaka, na hakuna dishi linalotulia juu yake.

Aliporudi kufunga, alikuja na kifaa cha kupimia mawimbi na alikitumia kwa subira. Alitafuta kwanza mwinuko, akalisogeza dishi upande kidogo kidogo, kisha akaizungusha LNB ndani ya kishikio chake hadi ubora ulipopanda. Hatua hii ya mwisho mafundi wengi huiruka. Mtu aliye karibu na ikweta akitazama setelaiti iliyo mbali upande wa magharibi, mawimbi humfikia yakiwa yamelala tofauti sana na yanavyorushwa, na LNB isipozungushwa ipasavyo baadhi ya chaneli hutoka vizuri na nyingine hazitoki kabisa. Kwetu kipimo cha nguvu hakikubadilika sana alipoizungusha, lakini kipimo cha ubora kilipanda waziwazi, na hicho cha pili ndicho cha kutazama.

Sasa nije kwenye waya, ambako huduma hii ilipungua. Kutoka banda la ng'ombe hadi sebuleni ni karibu mita 30, umbali ambao si mdogo kwa waya wa dishi. LNB huyashusha mawimbi ya gigahezi 10.7 hadi 12.75 yawe kati ya megahezi 950 na 2150 ndipo yapite kwenye waya, na hata hivyo waya wa kawaida wa RG6 hula sehemu kubwa yake kwa umbali huo. Zaidi ya hapo, waya uleule ndio unaopeleka umeme wa volti 13 au 18 kuiendesha LNB. Fundi alikuja na waya wa bei nafuu ambao kiini chake ni chuma kilichopakwa shaba, na alitaka kuufukia ardhini bila bomba. Mdogo wangu, ambaye anajua umeme kidogo, alikwangua kiini kwa kisu, akaona chuma, akauliza. Fundi hakubisha wala hakukasirika. Alikubali kubadilisha kwa waya wa shaba tupu, nasi tukalipa tofauti, na akanunua bomba la plastiki la kupitishia. Hata hivyo si haki mteja ndiye agundue. Kihamba ni mahali panapolimwa kwa jembe, kuna mafuko, kuna ng'ombe wanaopitishwa, na fundi aliyepima miti kwa umakini ule alipaswa kuifikiria ardhi pia.

Pia konekta ya nje, ile inayoingia kwenye LNB, aliiacha wazi. Marangu hupata mvua nyingi na ukungu wa mara kwa mara, na maji yakiingia kwenye konekta hushuka ndani ya waya taratibu na kuuozesha. Tulipomwambia aliifunga kwa mpira maalumu wa kuzuia maji na kuacha waya ukining'inia kidogo kabla ya kuingia, ili matone yaangukie chini. Suala la kuunganisha nguzo na ardhi kwa ajili ya radi halijafanyika hadi leo. Amesema ataleta fimbo ya shaba, na katika tathmini hii ninalihesabu kuwa deni.

Matokeo tumeyaona katika vuli na katika masika yote. Picha haikatiki kwa upepo, na huo ndio mtihani halisi wa dishi lililo kati ya miti. Nitoe hapa maelezo yanayoweza kumsaidia mwenye tatizo kama letu, kwa sababu mara nyingi sababu hutambulika kwa kuangalia picha inakatika wakati gani. Ikikatika wakati wa mvua kubwa na wingu zito upande wa magharibi, kisha ikarudi baada ya dakika chache, hiyo ni mvua yenyewe na hakuna fundi wa kulaumiwa. Ikiwa inaganda na kurudi siku ya jua kila upepo unapovuma, basi kuna tawi au jani la mgomba linaloingia na kutoka njiani. Ikiwa ni nzuri mchana na mbaya asubuhi tu au baada ya mvua kukatika, tazama majani yaliyolowa, kwa sababu jani lenye maji huzuia mawimbi haya kuliko jani kavu. Na ikiwa ni mbaya muda wote kwa chaneli zilezile, tatizo liko kwenye LNB au kwenye ulengaji, na miti haihusiki. Kwetu lile la kwanza tu ndilo limetokea, tena wakati wa ngurumo kubwa za Aprili.

Kitu kingine alichofanya bila kuombwa, na ambacho ningependa mafundi wote wakiige, ni kutuachia karatasi yenye jina la kila mti ulio upande wa magharibi, umbali wake kutoka kwenye nguzo, na kimo cha juu kabisa unachoruhusiwa kufikia. Mringaringa umeandikiwa mita 18. Mgrevilea ukiwa mchanga huweza kupanda mita 2 au zaidi kwa mwaka, kwa hiyo mtu akipanda mingine karibu na banda leo, baada ya miaka michache dishi litakuwa kipofu na watu watadhani king'amuzi kimeharibika. Karatasi hiyo mama ameibandika nyuma ya kabati la televisheni.

Walio sehemu nyingine wazingatie kwamba vipimo vyetu haviwafai moja kwa moja. Kwa setelaiti ileile ya nyuzi 7, mwinuko wake Dar es Salaam ni karibu nyuzi 52 na Mwanza ni karibu nyuzi 60, kwa hiyo mkazi wa Mwanza anaweza kuvumilia miti mirefu zaidi kwa umbali uleule. Mahali ambapo mtu amezibwa kabisa upande wa magharibi na hana uwanja wa kurudi nyuma, ni busara afikirie huduma inayotumia nyuzi 36 kabla ya kufikiria shoka. Na kwa ndugu zetu wa Kenya wanaofunga Starlink, yaani intaneti ya setelaiti, ambayo imekuwepo huko tangu Julai 2023, hesabu ni tofauti kabisa. Setelaiti zake ziko chini, karibu kilomita 550, nazo zinakimbia angani. Kifaa chake huzifuata, kwa hiyo kinahitaji uwazi mpana wa mbingu. Tundu moja kati ya miti, ambalo kwa dishi la televisheni linatosha, kwa Starlink litaleta mikatiko kila baada ya muda.

Kuhusu malipo, fundi huyu hutenganisha ada ya kupima na ada ya kufunga, na ya kupima hulipwa hata kama hapakupatikana mahali. Majirani wawili waliona ni wizi kumlipa mtu aliyekuja na kipimapembe tu. Mimi ninaona ndiyo sehemu ya kazi yake iliyostahili malipo kuliko zote, na kwa jumla nguzo, zege, bomba na waya wa shaba vilizidi bei ya dishi na king'amuzi kwa pamoja, jambo ambalo anayeishi kati ya miti ajiandae nalo. Ninampendekeza bila kusita kwa yeyote wa Marangu, Mwika, Kilema au Vunjo yote, kwa masharti mawili: waya ukaguliwe kwa kisu kabla haujafukiwa, na kama inawezekana aitwe katika wiki ya mwisho ya Machi au ya Septemba, siku yenye jua.